Kiingereza cha Placidia

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Placidia alimsaidia bibi yake kuanika kahawa. Walitandika turubai uani, wakamwaga kahawa, wakaitandaza kwa mikono. Bibi Kokwijuka alizungumza muda wote. Alizungumza Kinyambo, maana hakujua lugha nyingine. Alisimulia habari za shamba, za majirani, na za mbuzi aliyekula maharage ya jirani yao Clavery. Placidia alicheka na kuuliza maswali mengi.

Placidia alisoma darasa la nne katika shule ya kijiji, huko Rugu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Kila alichoandika mwalimu ubaoni, yeye alikinakili bila kuacha nukta.

Baba yake, Edgar, alilima migomba na kahawa. Siku moja alikwenda sokoni Nkwenda kuuza ndizi. Huko alimwona binti wa mfanyabiashara mmoja akizungumza Kiingereza na wageni waliotoka Uganda. Binti huyo alikuwa mdogo kuliko Placidia, lakini maneno yalimtoka bila woga. Edgar alirudi nyumbani akimwaza mtoto wake.

Jioni alimwita.

"Placidia, leta kitabu chako cha Kiingereza. Nisomee."

Placidia alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Edgar akafurahi. Kisha akaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa.

"Hili ni neno gani?"

Placidia akaanza kusoma tena kutoka juu, kwa sauti ndogo, ili afike kwenye neno lile.

"Usianze juu. Nisomee hili tu."

"Silijui, Baba."

"Haya, niambie. Habari hii inahusu nini?"

"Sijui."

Mama yake, Deodatha, aliacha kumenya ndizi. "Kumbe amekariri," alisema.

Edgar alifunga kitabu. Alikuwa na hasira, na pia aliona aibu.

"Kuanzia kesho," alisema, "mtoto huyu asizungumze Kinyambo humu ndani. Wala Kiswahili. Ni Kiingereza tu."

"Na sisi tunakijua?" aliuliza Deodatha.

"Tutajitahidi. Asiyekijua anyamaze."

Walikuwa wakisema kwa Kiswahili, na Bibi aliuliza wanasema nini. Hakuna aliyemjibu.

Basi nyumba ikawa kimya. Edgar alijua maneno machache ya Kiingereza: njoo, nenda, kula, lala. Akiyamaliza hayo, hakuwa na la kuongeza. Walikula bila mazungumzo. Asubuhi Placidia alitandaza kahawa bila kusema neno.

"Nimekukosea nini, mjukuu wangu?" Bibi alimuuliza.

Placidia alitazama mlangoni, akainamisha kichwa.

Ikafika Jumamosi. Edgar alikuwa amesimama nje, akiongea na Clavery. Placidia alitokea shambani akikimbia.

"Baba! Baba! Bibi..."

"Kwa Kiingereza!" alisema Edgar. Alitaka Clavery asikie.

Placidia alisimama. Alilijua neno "bibi" kwa Kiingereza, akalisema. Lakini baada ya hapo hakupata jingine.

"Endelea," alisema Edgar.

Placidia alilisema tena neno lilelile. Machozi yakaanza kumtoka. Akaushika mkono wa baba yake, akauvuta kwa nguvu.

"Edgar," alisema Clavery, "mtoto huyu ana jambo zito. Mwache aseme!"

Edgar akaona uso wa mtoto wake. "Sema, mama," alimwambia kwa Kinyambo. "Sema tu."

Maneno yakamwagika. Bibi ameteleza kwenye migomba. Ameanguka. Hawezi kusimama.

Wote wakakimbia. Walimkuta Bibi Kokwijuka amekaa chini kwenye majani, mguu wake umevimba. Walimpeleka zahanati. Mganga alimpima, akasema mfupa haukuvunjika. Mguu ulikuwa umeteguka.

Waliporudi nyumbani, Bibi alimtazama mwanawe.

"Nilimtuma mtoto mara tu nilipoanguka," alisema. "Mbona mlikawia?"

Edgar aliinama, akamwekea mto chini ya mguu.

Jumatatu alikwenda shuleni. Alimwomba Mwalimu Xaveria nafasi ya kuzungumza. Mwalimu huyo alitoka Muleba, na ndiye aliyefundisha Kiingereza darasa la nne.

"Karibu, Baba Placidia," alisema mwalimu. "Habari za nyumbani?"

"Si nzuri sana, Mwalimu."

Edgar alimweleza yote, tangu kitabu hadi kule migombani. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilitaka ajue Kiingereza," alisema Edgar.

"Na mimi nataka akijue. Lakini hatuna haja ya kumnyang'anya Kinyambo. Placidia anajua kusimulia na kuuliza. Uwezo huo ameupata kwa bibi yake. Anachokosa ni maneno ya Kiingereza, na hayo tunayaongeza kidogo kidogo."

"Mbona anasoma ukurasa mzima na hajui neno hata moja?"

"Kosa si lake. Darasa ni kubwa, na tumewazoesha kuitikia wote pamoja. Katika kelele ile, anayekariri hatambuliki. Nimeanza kubadili. Sasa tunaanza kwa kusema. Nikishika ndizi, wanaitaja, wanaulizana juu yake wawili wawili. Baadaye tunalisoma neno hilo. Mwisho kila mmoja anaandika sentensi yake, si ya ubaoni."

"Kwa nini msianze kusoma moja kwa moja, kama kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili herufi a husomwa a popote ilipo. Kwa Kiingereza herufi hiyohiyo hubadilika sauti. Mtoto akiwa amelisikia neno kwanza, akaelewa maana yake, atalitambua akiliona."

Edgar alifikiri. "Na mimi nifanye nini? Kiingereza changu ni cha kuokoteza."

"Hicho hicho kinatosha. Jioni mwulize amejifunza nini. Akueleze kwa lugha yoyote. Kisha akufundishe maneno mawili matatu. Akisoma, mwonyeshe neno mojamoja, umwulize maana. Akikosea, usimcheke wala usimkatize. Akimaliza, sema wewe sentensi ile vizuri kama unaijua. Na mwache bibi yake aongee naye."

Edgar alirudi nyumbani. Alikaa karibu na mama yake, akamwomba radhi. Akamwomba na Placidia pia.

Lakini jioni ile Placidia hakutaka kusema. Kesho yake vilevile. Alimtazama baba yake kama mtu anayengoja kugombezwa. Jambo hilo lilimuumiza Edgar kuliko yote.

Siku ya tatu wakiwa wanakula, Edgar aliinua kijiko. Alitaka kukitaja kwa Kiingereza. Akataja uma.

Placidia alikunja midomo. Akashindwa kujizuia, akacheka. "Baba, hiyo ni *spoon*!"

"Nini?"

"*Spoon*. Rudia, Baba."

Edgar akarudia. Akakosea. Akarudia tena mpaka Deodatha naye akaanza kulisema.

Tangu jioni ile walikuwa na masomo jikoni. Siku nyingine neno moja tu, siku nyingine swali zima. Shuleni Placidia alianza kunyoosha mkono. Alikosea mara nyingi, na Mwalimu Xaveria alimwacha amalize. Mwaka ulipokaribia kwisha, Edgar aliweza kuweka kidole popote kwenye ukurasa. Maneno mengi Placidia aliyasoma na kuyaeleza. Asiyoyajua aliyapigia mstari ili amuulize mwalimu.

Siku moja mwalimu aliwaambia waandike jinsi chakula cha nyumbani kinavyopikwa. Placidia aliandika sentensi tano za Kiingereza kuhusu ebitoke, ndizi za kupika. Alizisoma darasani, wenzake wakampigia makofi.

Jioni alimsomea bibi yake.

"Sikuelewa kitu," alisema Bibi Kokwijuka. "Umesema nini?"

Placidia akamweleza kwa Kinyambo, sentensi moja baada ya nyingine. Bibi alisikiliza kwa makini. Mwishoni akatikisa kichwa.

"Umekosea."

"Wapi, Bibi? Mwalimu amesema ni sahihi!"

"Hukufunika sufuria kwa majani ya mgomba. Ndizi hizo zitaivaje vizuri?"

Placidia alitazama daftari lake. Ni kweli. Aliwaza kidogo, akitafuta maneno. Kisha akachukua penseli, akaandika sentensi ya sita.