Fyuzi ya Taa za Ludovick

Taa ya kushoto iliinuka yenyewe saa nne asubuhi, jua likiwa kali, na betri ya gari ilikuwa imefunguliwa na kuwekwa juu ya meza.

Melkiadi alikuwa amechuchumaa mbele ya boneti, mita ya kupimia umeme mkononi. Alisikia mota ndogo ikikoroma, akaona kifuniko kikipanda taratibu, na ile taa iliyojificha ikatoka ikamtazama. Akageuka kutazama meza. Betri ipo. Akatazama nyaya zake zinavyoning'inia hewani bila kugusa kitu.

Mwingine angetimua mbio. Lakini Melkiadi alikuwa fundi umeme wa magari, na mafundi hao wana ugonjwa wao: kila wasichokielewa wanakiita shoti. "Shoti tu," alijiambia, akaikandamiza taa kwa kiganja mpaka ikarudi chini. Kiganja kilitoka kimelowa, kinanuka tope la ziwa.

Gari hilo lilijulikana Babati nzima. Lilikuwa la Ludovick, muuza dawa za mifugo, na lilikuwa gari la michezo la zamani, jekundu, milango miwili, taa za kujificha ndani ya boneti, fupi hata kuku wa mtaa wa Bagara walilitazama usawa wa macho. Watu walimtania kwamba ukitaka kumsalimia Ludovick barabarani sharti upige magoti. Naye alicheka kuliko wote. Kisha, jioni moja kabla ya Pasaka, gari likaacha barabara kwenye kona ya ziwani, likaingia majini naye akiwa ndani. Mji ukasema alikuwa amelewa. Hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi, maana bia aliipenda na hakuificha.

Mtu mmoja tu alijua vingine. Jioni hiyohiyo Ludovick alipita gereji akilalamika kwamba taa za mbele zinakata fyuzi, na Melkiadi, badala ya kutafuta kosa liko wapi, alitazama saa. Jumuiya yake ya kanisani ilikuwa inamsubiri, na mwenyekiti wa jumuiya ni yeye. Basi alichuna uzi wa shaba kutoka kwenye kipande cha waya, akauchomeka mahali pa fyuzi. Ukiweka uzi wa shaba, hakuna kinachokatika mapema. Waya wenyewe unachemka mpaka unaungua, na taa zote zinazimika kwa pamoja. Alilijua hilo. Kila fundi analijua na kila fundi ameshafanya. "Tumia tu hivyo," alimwambia Ludovick, "kesho tutaangalia."

Gari lilipovutwa kutoka majini, wa kwanza kulifungua boksi la fyuzi alikuwa Melkiadi. Akauchomoa ule uzi, akachomeka fyuzi iliyoungua, akafunga. Jioni akaenda msibani akaongoza rozari. Kwa mdomo uleule uliosema tumia tu hivyo.

Sasa mjane, Bernadina, alikuwa amelileta gari kwake, likivutwa kwa kamba.

"Baba Anjela, lifanye liwake tu," alimwambia. "Kuna mtu wa Arusha analitaka. Mimi nikiliona pale uani naiona pombe yake. Eliya shuleni wanamwita mtoto wa mlevi."

"Pole, Mama Eliya," Melkiadi alisema, na moyo wake ukamsuta hadi akashindwa kumtazama usoni.

Alifanya kazi kwa bidii ya mtu anayetubu bila kusema. Alibadilisha waya wote wa taa, akasafisha soketi moja moja, akaweka rilei mpya na fyuzi mpya. Alikwenda kunawa mikono. Aliporudi, mahali pa fyuzi palikuwa na uzi wa shaba, umezungushwa vilevile alivyouzungusha yeye, na ncha moja imekunjwa kwa namna aliyofundishwa ujanani na ambayo hajamwona fundi mwingine akiitumia. Akauchomoa. Akaweka fyuzi, akasimama palepale bila kupepesa macho. Paka akapita, akamtazama paka. Alipoangalia tena, uzi ulikuwa umesharudi.

Mchana mvua ilipiga, bati likanguruma, gereji ikawa giza, na ndani ya mngurumo ule alisikia redio ya gari ikikwaruza, redio ambayo aliing'oa mwenyewe asubuhi akaiweka kwenye ndoo, ikikwaruza kutoka kwenye tundu tupu la dashibodi, na ile mikwaruzo ikajikusanya polepole ikawa sauti ya mtu anayesali, raha ya milele umpe ee Bwana, na akaitambua sauti ile kuwa ni yake mwenyewe, ya siku ile msibani, na kila aliposema ee Bwana sauti nyingine iliitikia chini yake, nzito, kama ya mtu anayeongea mdomo umejaa maji, na harufu ya tope na samaki waliooza ikapanda kutoka kwenye viti hadi akashindwa kuvuta pumzi.

Alitoka mbio kwenye mvua hadi gereji ya pili, kwa Luqmani.

Luqmani alikuwa fundi rejeta, na jioni alifundisha watoto madrasa. Watu wenye mashaka ya majini walimwita awasomee, naye alikwenda bila makeke. Alikuja, akalizunguka gari mara moja, akaweka sikio kwenye kioo. Akarudi nyuma.

"Mle hamna Ludovick," alisema kwa sauti ya chini. "Mtu akifa amekwenda, harudi kukaa kwenye kiti. Huyu ni wa ziwani. Gari lilipozama alimkuta mtu na hofu yake, akaivaa. Sasa kuna kitu anakula hapa kwako. Umeficha nini, Melkiadi?"

Melkiadi alimweleza. Hakuwahi kumwambia mtu, na maneno yalitoka yamekauka.

Luqmani hakumlaumu. "Kamwambie mjane ukweli. Akishajua, huyu atakuwa na njaa, na mimi nitakuja kumsomea atoke. Ila mwonye kwanza. Akiwa karibu na gari hili asimwite mumewe. Hata kwa machozi, asimwite. Jini akiitwa kwa jina la mwenye nyumba amekaribishwa, na mimi sina kisomo cha kumtoa aliyekaribishwa."

"Nimekuelewa," Melkiadi alisema. Kisha akaangalia mlangoni. "Luqmani, kwamba nimekuita, naomba isitoke hapa. Wakisikia mwenyekiti wa jumuiya anasomewa majini..."

"Unawaogopa watu kuliko huyu?"

"Mji wenyewe ni mdogo," Melkiadi alinong'ona.

Kesho yake Bernadina alikuja kuona kazi ilipofikia. Melkiadi alimpa stuli akae, mbali kidogo na gari, akavua kofia.

"Mama Eliya, Ludovick hakuwa amelewa. Alitoka hapa kwangu akiwa mzima kabisa. Taa zilimzimikia kwa sababu niliweka waya mahali pa fyuzi. Halafu nikauondoa ili msijue."

Alitarajia kofi, au kilio. Bernadina aliuliza tu, mikono juu ya kitenge chake.

"Ulijua siku ya mazishi?"

"Nilijua."

"Ulisimama pembeni yangu pale kaburini."

"Ndiyo."

"Basi ulinisikia."

Alimsikia. Watu wote walimsikia. Bernadina alikuwa ametupa udongo wake kaburini akasema, umeichagua chupa, kaa nayo, kwangu usirudi. Padri akakohoa, wanawake wakamshika mikono. Na Melkiadi, ambaye neno lake moja lingemzuia mwanamke yule asimfukuze mume asiye na kosa, alikuwa ameinama anatafuta wimbo wa kufungia.

"Nilimfukuza bure," Bernadina alisema, na hapo ndipo machozi yalipoanza.

Huo ndio ulikuwa wakati wa kumwonya, na Melkiadi alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini angemwonyaje? Mjane angeuliza, haya umeyatoa wapi, na ingebidi amtaje Luqmani, na Bernadina ndiye mweka hazina wa jumuiya. Akaanza kutafuta namna ya kulisema bila kulisema. Akasema gari bado lina shoti. Akasema si vizuri kulisogelea kabla kazi haijaisha. Na wakati yeye anazungukazunguka hivyo, mwanamke alikuwa ameshainuka, ameshafungua mlango wa kushoto, ameshakaa kwenye kiti alichokuwa akikalia kila Jumapili.

"Mama Eliya, shuka kwanza."

Hakumsikia. Aliweka kiganja juu ya kiti cha dereva, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Baba Eliya," alisema. "Nisamehe. Twende."

Mlango ukajifunga. Kiti cha dereva kikadidimia kwa uzito, taa zote mbili zikainuka pamoja, na injini ikawaka kwa upole, safi, bila kukohoa, huku betri ikiwa juu ya meza na Melkiadi akiuvuta mkono wa mlango kwa nguvu zake zote, akipiga kioo, akiona maji yanachuruzika chini ya mlango na kumlowanisha viatu, na ndani ya kioo Bernadina hakumtazama hata mara moja, kwa kuwa alikuwa amegeukia upande wa usukani na uso wake ulikuwa umelainika kwa furaha, kama wa mtu anayeongea na aliyesafiri muda mrefu.

Gari likatoka gereji. Lilifika barabara kuu likasimama, kama linavyotakiwa kusimama. Kushoto ni njia ya Sigino, nyumbani kwao. Kulia ni ziwani. Indiketa ikaanza kuwaka na kuzima, ya kulia, na gari likakunja.

Luqmani alikuja mbio, mikono bado ina masizi. Nyuma yake walikuja mafundi wengine, na wawili kati yao walikuwa wa jumuiya ya Melkiadi.

"Melkiadi," Luqmani aliuliza huku anahema, "ulimwonya?"

Melkiadi aliwatazama wale wawili.

"Kumwonya nini?" alisema.