Kikombe cha Malimi

Shimba wa Kisesa alikuwa mfugaji hodari, na alipenda watu wajue hivyo. Lakini wiki hizi ng'ombe aliwaachia ndugu zake. Yeye alikuwa hospitalini Mwanza na mkewe Selina, kifua wazi chini ya kitenge, amembeba binti yao ngozi kwa ngozi. Malimi alikuwa mtoto njiti, amezaliwa kabla ya wakati. Shimba alimpenda hadi akaogopa kupumua.

Malimi alipewa maziwa ya mama yake kwa mrija uliopita puani hadi tumboni. Asubuhi moja muuguzi Teodora alitabasamu.

"Ameanza kunyonya vidole. Leo tutajaribu kikombe. Akijua kunywa na uzito ukipanda, mtarudi nyumbani. Ngojeni ninawe mikono."

Nyumbani! Shimba hakungoja. Alichukua kikombe chenye maziwa aliyokamua Selina.

"Kunywa, mama, twende zetu," alisema, akammiminia.

Malimi akapaliwa. Midomo ikabadilika rangi. Teodora alikuja mbio, akamwinamisha mbele na kumsugua mgongo. Mtoto akalia, rangi ikarudi.

"Baba, ndama aliyefiwa na mama yake unamnyweshaje?" Teodora aliuliza kwa upole.

"Simmiminii! Atapaliwa. Namwacha alambe mwenyewe, polepole." Shimba akakitazama kile kikombe.

Selina alifuta machozi. "Kumbe ndama unawaonea huruma!"

"Na huyu ni hivyo hivyo," Teodora alisema. "Bado anajifunza kumeza na kupumua. Mketishe. Kikombe kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu. Alambe mwenyewe. Akisinzia au akigeuza uso, acha. Yanayobaki nitampa kwa mrija. Saa ya kula ikifika, mwamsheni hata kama amelala. Na msianze bila mimi."

Mlo uliofuata, Shimba alishika kikombe na Teodora akasimama kando. Ulimi mdogo ukatoka, ukalamba. Baada ya muda Malimi akafumba macho. Maziwa yalikuwa bado mengi.

"Amechoka," Shimba alisema, akaweka kikombe chini.

Siku zilivyopita, maziwa ya mrija yalipungua. Malimi akajifunza na kunyonya titi, akanenepa. Mwishowe Teodora akautoa mrija, wakaruhusiwa.

Kule Kisesa, Shimba aliwasimulia wageni wote jinsi alivyomfundisha mwanawe kunywa. Selina alicheka, Malimi akiwa kifuani.

"Baba Malimi, sema kweli. Huyu ndiye aliyekufundisha wewe kungoja."