Kisigino cha Kiberiti

Kila asubuhi katika bweni la wanamichezo ilikuwa vita ya bomba. Waogeleaji waliwahi kuyateka mabafu, warusha tufe walifuata na mataulo yao mapana, na wasichana wa mbio za kupokezana kijiti walinawa kwa zamu huku wakisukumana na kucheka. Timu nzima ya taifa ililala chini ya paa moja, ikisubiri siku zake katika Michezo ya Vijana.

Asubuhi hiyo mmoja wao, Kiberiti, hakucheka. Alijifungia chooni, akavua soksi. Lengelenge la juzi lilikuwa limepasuka na kisigino kimevimba. Viatu vipya vya njumu, alivyoviringia wiki nzima, ndivyo vilivyomchubua. Alifunga kitambaa, akavaa soksi mbili.

"Nikisema, yule mkimbiaji wa akiba atachukua nafasi yangu," aliwaza. "Sikutoka kwetu kuja kutazama wenzangu."

Uwanjani, kocha wao, mama mfupi mwenye filimbi shingoni, aliwapanga. Kiberiti alikuwa wa tatu. Angempa kijiti Twiga, msichana mrefu aliyemalizia mbio. Twiga alikuwa amebandika utepe mweupe chini, hatua kadhaa nyuma yake. Kiberiti akiukanyaga tu, Twiga huchomoka bila kugeuka, mkono tayari kupokea. Umbali huo waliupima kabla ya safari, Kiberiti akiwa mzima.

Walijaribu. Kiberiti aliukanyaga utepe, Twiga akachomoka, lakini kijiti hakikumfikia. Wakarudia. Twiga akapitiliza nje ya eneo la kupokelea, mikono mitupu. Mara ya tatu kijiti kikaanguka.

"Twiga! Una haraka ya kwenda wapi?" Kocha alifoka. "Unaondoka mapema!"

"Naondoka akishakanyaga utepe, Kocha."

"Basi miguu yako haiyasikilizi macho yako. Kesho ni nusu fainali. Atamalizia wa akiba."

Twiga aliinama, machozi yakimlengalenga, akaanza kuubandua utepe wake.

Kiberiti aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Twiga ndiye aliyemfundisha kushika kijiti, na sasa anabebeshwa kosa lisilo lake. Angenyamaza, nafasi yake ingebaki salama. Lakini angemtazamaje mwenzake usoni?

"Acha huo utepe!" alipaza sauti. "Kocha, si yeye. Ni mimi."

Akaketi palepale, akavua kiatu. Soksi ya kwanza, soksi ya pili. Kitambaa kilikuwa kimelowa damu.

Kocha alishika kiuno. "Mtoto wewe! Tangu lini?"

"Tangu juzi. Niliogopa utaniacha."

"Ukaona bora aachwe mwenzako?"

Kiberiti alilia. "Nisamehe, Twiga."

"Nilidhani nimesahau kukimbia!" Twiga alisema, akijifuta machozi. "Siku nyingine uniambie, bwana."

Muuguzi wa timu alisafisha kidonda, akakataza mguu ule kuvaa kiatu kabla ya fainali. Yule wa akiba angekimbia mahali pa Kiberiti. Kasi yake ilikuwa ndogo kidogo, kwa hiyo utepe wa Twiga ulihitaji kupimwa upya. Kiberiti alikataa kwenda kulala. Alishinda uwanjani na malapa, akiusogeza utepe na kupiga makofi.

"Bado! Utepe usogee karibu kidogo! Tena!"

Sauti ilimkauka, lakini jua lilipoanza kushuka, kijiti kilikuwa kikitua kiganjani kila mara.

Kesho yake Kiberiti alitazama kutoka jukwaani, roho juu. Kijiti kilimfikia Twiga, akawapita wawili, akamaliza wa pili. Wameingia fainali! Warusha tufe walimbeba Kiberiti juujuu kana kwamba ndiye aliyekimbia.

Kocha alimwita pembeni. "Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Yako hayakuwa ya kufa, lakini yangeiangusha timu, na lawama angeibeba asiye na kosa. Kuumia si aibu, mwanangu. Ukweli huuma mara moja. Uongo hukuchubua kila unapotembea. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Kocha."

Asubuhi iliyofuata, vita ya bomba ilipoanza, Kiberiti hakujifungia chooni. Alikuwa wa kwanza mlangoni kwa muuguzi, kisigino wazi.

"Nimekuja ukikague," alisema. "Fainali naitaka, lakini kwa mguu mzima."