Alama ya Hina kwenye Negativu

Kila alasiri baada ya masomo, Ifrah alipitia studio ya picha ya mjomba wake Abdirahim, karibu na soko la mifugo la Garissa. Alifagia, akapanguza vumbi, kisha akaruhusiwa kuingia kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Ruhusa hiyo, jamani, aliipenda kuliko peremende.

Siku hiyo Nyanya Bishara, aliyekuja kwa harusi ya dada yake Ifrah, alikuwa akirudi Banissa, mbali kaskazini, kwa gari la jioni. Alitaka kitu kimoja tu: picha ya marehemu mumewe, Babu Mursal, akinywesha ngamia. Picha hiyo moja ilikuwa imebaki kwenye simu ya ndugu mmoja wa familia.

Mjomba aliipitisha kwenye kompyuta, akaichapa kwa printa juu ya plastiki angavu. Ifrah alibaki kinywa wazi. Kila kitu kilikuwa kinyume: anga jeusi, kivuli cheupe, ndevu nyeupe za Babu nyeusi tii.

"Hii ndiyo negativu," mjomba alisema. "Picha ya chumba cha giza hudumu kuliko ya printa. Iache ikauke. Usiiguse."

Mjomba alipotoka kwenda kuswali, Ifrah alishindwa kujizuia. Aliinyanyua plastiki dirishani, amtazame Babu vizuri. Alisahau kwamba asubuhi dada yake alimpaka mafuta ya simsim mikononi ili hina ya harusi ikolee.

Mjomba aliporudi waliingia kwenye chumba cha giza. Chini ya taa nyekundu aliilaza negativu juu ya karatasi ya picha, akaifunika kwa kioo, akawasha taa nyeupe kidogo. Kisha akaizamisha karatasi kwenye trei ya dawa. Miguu ya ngamia ikajitokeza polepole, halafu ndoo, halafu kanzu. Ifrah alisahau hata kupumua. Lakini usoni pa Babu palikuwa na doa jeupe.

"Printa imevujisha wino," mjomba alisema, akachukua bisibisi. "Nikiifungua, gari litaondoka bila picha. Na plastiki ilikuwa ya mwisho."

Ifrah aliificha mgongoni mikono yake yenye mafuta.

Nyanya, aliyeketi nje ya mlango, aliwasikia. "Si kitu, mwanangu," alisema. "Nimezoea kumwona moyoni."

Maneno hayo yalimchoma Ifrah. "Abti," alimwita mjomba wake kwa Kisomali, "printa haina kosa. Ni mimi. Niliishika plastiki kwa mikono yenye hina na mafuta."

Mjomba aliweka bisibisi chini. "Uliishika upande gani?"

"Ule unaoteleza."

"Alhamdulillahi. Wino uko upande wa pili."

Alipanguza plastiki taratibu kwa kitambaa laini, wakaanza upya. Safari hii uso ulitoka wote: mikunjo, ndevu, hata tabasamu. Mtu ambaye Ifrah hakuwahi kumwona alikuwa akimtazama kutoka ndani ya maji.

Picha ilipokauka, Nyanya aliishika kwa mikono miwili. "Mursal," alisema, "umechelewa leo."

Mjomba alimgeukia Ifrah. "Hukunisikia, na hilo ni kosa. Lakini umesema kweli mapema, ndiyo maana kitambaa kimetosha. Ungenyamaza, Nyanya angeondoka mikono mitupu. Hilo tungelifuta kwa kitambaa gani?"

Ifrah alikwenda kunawa mikono, kisha akambebea Nyanya mfuko hadi garini.