Madirisha Yaliyotazama Barabara

Nina hasira mpaka leo, na sitaificha.

Nyumba yetu mpya ilikuwa na madirisha manne makubwa ya vioo. Yote yalitazama barabara. "Watu wakipita waone tumejenga," alisema mume wangu.

Kila alasiri jua lilipiga vioo hivyo. Mimi ni mshonaji. Ikifika saa tisa, cherehani yangu ilikuwa haishikiki kwa joto. Feni ilizunguka mchana kutwa na kutupulizia hewa ya moto. Siku moja mama mkwe, ambaye hubanwa na pumzi, alianguka sebuleni. Alipozinduka alifunga begi lake na kuliweka mlangoni.

"Narudi kwenye kibanda changu cha udongo," alisema. "Humu mtanizika."

Nilimsihi angoje kwanza, nikamwita jirani yetu, mkaguzi wa majengo. Aliomba ramani ya nyumba, akaitandaza mezani.

"Shemeji, nani aliigeuza hii?" aliniuliza.

"Fundi alisema tuigeuze tu, madirisha yaje mbele," alijibu mume wangu. "Ramani ni ileile."

"Si ileile. Mshale huu unaonyesha kaskazini. Viwango vya taifa vya ujenzi vinataka madirisha makubwa yawe kaskazini na kusini. Ninyi mmeyapeleka magharibi, jua linakozama. Na ukingo wa paa wa kuzuia jua uko wapi?"

"Tuliukata. Ulificha vioo."

Hapo nilishindwa kunyamaza. "Ulikata kivuli cha mama yako ili wapita njia waone vioo?"

Aliinamisha kichwa. Sikumwonea huruma hata kidogo.

"Nyumba haibomolewi," alisema mkaguzi. "Hamisheni madirisha haya. Mawili yaende kaskazini, mawili kusini, yatazamane ili upepo upite. Rudisheni ukingo wa paa. Wekeni dari, na matundu ya hewa juu ya kuta. Magharibi pandeni miti. Mtapumzisha hata feni."

Mume wangu aliwasaidia mafundi kubeba matofali mwenyewe. Wiki tatu hakuna aliyeligusa begi la mama mkwe pale mlangoni.

Kazi ilipokwisha, tulikaa sebuleni saa tisa alasiri. Feni ilikuwa imezimwa. Upepo ulipita.

"Sasa barabarani hawaoni kitu," mume wangu alinung'unika.

"Na mimi, unaniona?" aliuliza mama yake.

"Nakuona, mama."

Mama mkwe alivuta begi lake na kuanza kutoa nguo.