Gari Lililozaa Ndama

Kila alfajiri, mara tu baada ya adhana, mtaa mzima wa Soweto mjini Mbeya uliamshwa na kikohozi cha Pijo la Mzee Muhidini. Lilikuwa gari dogo la mizigo, la bluu, lenye mlango mmoja wa kijani uliotolewa kwenye gari jingine. Siwema, binti yake wa darasa la sita, alilisukuma pamoja na mama yake, Mwanahawa, mpaka likawaka. Kisha baba akaondoka nalo kupeleka chumvi, sabuni na khanga kwa wachimba dhahabu wa Makongolosi. Safari hizo ndizo zilizowalisha, zikawavisha na kumnunulia Siwema sare za shule.

Mwaka ule, katika miaka ya sabini, baba alipata nafasi ya kwenda Hija kwa meli kutoka Dar es Salaam. Nyumba ilijaa furaha, lakini furaha hiyo ilikuja na swali gumu: gari lingelala wapi miezi yote hiyo? Nyumba yao ilikuwa ya kupanga, haikuwa na ua. Matairi nayo yalikuwa adimu siku zile. Kama gari lingeachwa barabarani wiki moja tu, ungelikuta limesimama juu ya mawe, bila magurudumu. Mwenye gereji mmoja mjini alitaja kodi iliyomfanya baba avue kofia na kujipepea. Shemeji yake Ahmadi wa Iringa alikubali kulihifadhi bure, lakini uchochoro wa kwake haukupitisha hata mkokoteni.

"Kwa kodi ya gereji ile, afadhali niende na gari lenyewe Makka!" baba alilalamika.

Ndipo akamkumbuka rafiki yake Maganga, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake katika bonde la Usangu. Maganga alikuwa na boma pana na banda kubwa la nyasi.

"Lilete," Maganga alisema. "Rafiki hamtozi rafiki."

Baba akamkabidhi gari pamoja na ufunguo, ili liweze kusogezwa mafuriko yakija. "Litunze kama unavyotunza mali za watu," alimwambia. Wakapeana mikono, na baba akapanda basi la kwenda Dar es Salaam.

Mvua zilikuwa zimekolea siku Siwema alipotumwa kununua mafuta ya taa. Alikuwa akivuka barabara, chupa mkononi, aliposikia kikohozi anachokijua. Akageuka. Mlango wa kijani! Pijo la baba yake lilikuja mbio, nyuma limejaa wanawake wanaopiga kelele, na usukani umeshikwa na kijana asiyemjua. Chupa ikamponyoka, ikapasuka.

"Mwizi! Gari letu hilo! Mwizi!"

Gari likampita, likamrushia tope, likatokomea. Siwema alibaki amepigwa na butwaa. Kisha akatimua mbio. Katika nyumba ya kwanza alisema gari lao limeonekana likiendeshwa na mtu mgeni. Alipofika nyumba ya tatu, Maganga alikuwa ameshaliuza. Na alipofika kwa Mzee Asukile, balozi wa nyumba kumi, Maganga alikuwa jambazi aliyefukuzwa kwao. Ulimi hauna mfupa!

Mama aliposikia aliketi sakafuni, mikono kichwani. "Baba yako yuko huko anatuombea dua, na sisi huku tunaibiwa! Akirudi atatulisha kwa kitu gani?"

Kesho yake asubuhi mama, Siwema na balozi Asukile walifika Usangu. Walikwenda moja kwa moja kwenye banda la nyasi. Banda lilikuwa tupu. Siwema akatazama huku na huko, na macho yake yakagota kwenye uzio wa zizi. Palikuwa pametundikwa tairi lililopasuka, springi iliyokatika vipande viwili, mpira wa rejeta na taa moja isiyo na kioo, vyote vimepangwa vizuri kama ngozi zinazokaushwa.

"Mama!" alipiga ukelele. "Wamelichinja!"

Maganga alitoka nyumbani na kibuyu mkononi, uso umejaa tabasamu, akawaamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, wageni! Karibuni, shemeji. Karibuni maziwa."

"Hatunywi maziwa ya mwizi!" Siwema alifoka.

Mama alimshika mkono kwa hofu. Maganga aliweka kibuyu chini, na tabasamu likamtoka.

"Tangu nizaliwe sijaitwa jina hilo," alisema polepole. "Tena na mtoto!"

"Mtoto amekosa adabu, mzee mwenzangu," balozi alisema, "lakini gari liko wapi?"

Kabla hajajibu, kikohozi kilisikika. Pijo likaingia bomani, limetapakaa matope, na yule kijana wa jana akashuka. Nyuma yake akashuka mwanamke aliyekumbatia kichanga.

"Huyu ni mwanangu Seni," Maganga alisema. "Alikuwa akiendesha trekta kwenye shamba la mpunga. Jana alimkimbiza hospitali mke wa jirani yetu, alishikwa na uchungu. Wanawake walimsindikiza wakipiga kelele watu wapishe njia."

"Lakini, shemeji, nani alikuruhusu kulitembeza?" mama aliuliza.

Sasa ilikuwa zamu ya Maganga kushtuka. "Kuruhusiwa? Kwani ng'ombe wa amana hakamuliwi?"

Wageni wakatazamana. Maganga akawaeleza. Kwao, mtu akimwachia rafiki yake ng'ombe, mchungaji hunywa maziwa, na huo ndio ujira wake. Ng'ombe akifa, mchungaji huitunza ngozi, mwenyewe aje aone kwamba hakuuzwa. Na ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenye ng'ombe.

"Gari hili nimelikamua," alisema. "Limebeba mahindi yangu na wagonjwa wa kijiji. Vilivyokufa ni vile pale uzioni, sikutupa hata kimoja. Vipya nimeweka mwenyewe."

"Na... na ndama?" Siwema aliuliza kwa sauti ndogo.

Maganga aliwaongoza zizini. Pembeni alisimama mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. "Mtoto wa mtu wa huku aliumwa na nyoka, gari likamwahisha kwa daktari, akapona. Baba yake akaleta huyu. Mimi si mwenye gari. Huyu ni wa baba yako. Tumempa jina Pijo."

Mama alijifunika uso kwa khanga. Siwema alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipiga magoti palepale penye samadi, akakumbuka kwamba hakuwa amemsalimia mzee yule.

"Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe," Maganga alijibu. "Lakini huko Soweto, jina langu utaliokotaje?"

Balozi Asukile alimtazama Siwema. "Neno ulilolitembeza kwa miguu yako, utalifuata kwa miguu hiyohiyo."

Jumapili Siwema alibisha hodi nyumba moja baada ya nyingine. Wengine walimcheka. Bibi mmoja alitikisa kichwa na kusema, "Hata hivyo, mtu huyo si wa kuaminiwa." Siwema alieleza tena na tena, lakini bibi hakubadili neno. Siku hiyo alirudi nyumbani akilia.

Baba aliporudi kutoka Hija, walikwenda wote Usangu kulichukua gari. Alisikiliza kisa chote akiwa ameshika springi iliyokatika.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilifurahia mahali pa bure, nikasahau kusema masharti. Na wewe, Maganga, ulifuata desturi yako bila kuniuliza. Lakini haya makosa yetu fundi atayatengeneza. Lako, Siwema, lilivunja jina la mtu, na jina halina spea. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Uliza kwanza, ndipo upaze sauti."

"Nimesikia, baba."

Seni alimleta mtamba akiwa amefungwa kamba. Baba akakuna kichwa. "Sasa huyu atalala wapi huko Soweto? Hatuna ua!"

Wote walimgeukia Maganga, naye akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Mwache hapa. Rafiki hamtozi rafiki."

Baba alinyoosha mkono, lakini Siwema akamshika joho.

"Baba," alisema, "na masharti?"

Wazee wale wawili wakatazamana. Kisha wakavuta vigoda, wakaketi, wakaanza kuyasema moja moja, kwa sauti, mbele yake.