Siku ya Kumwaga Dari

Kila alfajiri, kabla mapacha hawajaamka, Mama Pacha huwa ameshashona nguo moja. Cherehani iko chumbani. Mapacha hulala chini ya meza yake, kwa sababu hapana nafasi nyingine. Wakiamka, nywele zimejaa nyuzi.

"Mama, tunahamia kwetu lini?" aliuliza mmoja asubuhi hiyo, huku akijikuna kichwa.

"Kabla shule hazijafunguliwa."

Mwenye vyumba walivyopanga alikuwa ameshawaambia kwamba shule zikifunguliwa anavitaka vyumba vyake. Mwanawe anaoa.

Mama Pacha na mumewe, mpishi wa bweni la shule, walikuwa wanajenga. Kiwanja chao kilikuwa kidogo, kwa hiyo waliamua kwenda juu: chini chumba cha kushonea, juu vyumba vya kulala, na katikati dari ya zege. Kuta za chini zilikuwa zimefika juu ya madirisha. Siku hiyo ilikuwa ya kumwaga lenta, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta zote.

Vibarua walifika mapema. Wakakuta stoo ya saruji imefungwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mama Pacha, na Mama Pacha alikuwa nyumbani anampima mteja kiuno.

"Haya, tukae," alisema Shangazi. Huyu alikuwa kiongozi wa vibarua, mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya kufika mtaa wa pili. Kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri.

Mama Pacha alipofika, jua lilikuwa limeshapanda.

"Mbona mmekaa kama wageni wa harusi?" aliwafokea.

"Tunamsubiri bibi harusi alete ufunguo," Shangazi alijibu. Vibarua wakacheka. Mama Pacha hakucheka. Alifungua stoo, akahesabu mifuko michache, akaitoa, akafunga tena. Kisha akaondoka kupeleka nguo za watu.

Baada ya saa chache saruji ilikwisha. Lenta ilikuwa imefika nusu. Ufunguo haupo, mwenye ufunguo haonekani. Mkandarasi alikuja jioni, viatu vyake vinang'aa kama kawaida. Kwa viatu hivyo vibarua walimwita Bwana Viatu, ila si mbele yake.

"Mtamalizia kesho," alisema. "Zege ni zege."

Wakamalizia kesho yake.

Wiki hiyohiyo mkaguzi wa majengo alifika. Alikuwa binti mdogo mwenye kofia ngumu iliyomzidi kichwa, lakini macho yake hayakuzidiwa na kitu. Alipanda ngazi, akagonga lenta kwa nyundo, akasogea, akagonga tena. Akasimama mahali pamoja.

"Hapa mlisimama," alisema.

Bwana Viatu alitazama viatu vyake.

"Zege la siku ya kwanza lilikuwa limeshakauka. La siku ya pili limekaa pembeni yake tu, halijashikana nalo. Ona ufa huu. Sehemu hii ivunjwe na imwagwe upya."

"Ivunjwe?" Mama Pacha alishika kichwa. "Binti yangu, nina watoto wanaolala chini ya cherehani! Hawa watu wavivu wamenimaliza!"

"Wavivu?" Shangazi aliruka. "Tumefika kabla ya jogoo, tukakuta kufuli!"

"Na mkipewa kazi mnatembea kama mnabeba mayai!" alidakia Bwana Viatu.

Mkaguzi aliwaacha wapigane kwa maneno mpaka pumzi ziwaishie. Kisha akageuza ndoo, akaikalia.

"Mama, baada ya lenta kuna nini?"

"Dari."

"Dari ndiyo itabeba vyumba vyenu, na watoto hao. Inamwagwa siku moja, bila kusimama. Mkisimama nusu kama mlivyosimama hapa, sitaruhusu mtu alale juu yake. Je, mna uwezo wa kuimwaga mara mbili?"

"Hatuna," alisema Mama Pacha. Sauti ilikuwa imeshuka.

"Basi hapa hakuna kazi ya mwenye nyumba peke yake, wala ya mkandarasi, wala ya vibarua. Kazi ni moja. Kila mmoja aseme kinachomfanya asubiri, au kinachomfanya aende polepole. Ukweli mtupu. Nani anaanza?"

Walitazamana. Shangazi akaanza.

"Sisi ni watu wa kutwa. Tukimaliza mapema, tunaambiwa nendeni nyumbani, na kesho hatuitwi. Sasa, mwanangu, nani atakimbia kwenda kukosa kazi?"

Bwana Viatu alikohoa. "Sikujua kama mnafikiria hivyo."

"Hukuuliza."

"Na wewe Mama," mkaguzi aliuliza, "kwa nini saruji inatoka kidogokidogo?"

"Niliambiwa vibarua wote ni wezi. Ukiwaachia stoo, wanajenga kwao."

"Nani kakwambia?" Shangazi alisimama, mikono kiunoni.

Mama Pacha aligeuka. Alimtazama Bwana Viatu. Vibarua wote nao wakamtazama Bwana Viatu.

"Heeh!" alisema Shangazi. "Na sisi ulituambia huyu mama ni bahili, hataki hata tunywe maji!"

Mkandarasi aliinamisha kichwa. Alipojibu, hakujibu kwa ujanja. "Nilizoea hivyo. Nilidhani mkitengana, mimi nitawaongoza vizuri. Hata ratiba yangu nilikuwa nakaa nayo kichwani. Nimekosea."

"Kosa la kusemwa linarekebishika," alisema mkaguzi. "Sasa pangeni. Mimi nasikiliza."

Walianza kwa kusitasita, kisha wakaanza kukatizana. Mkandarasi alikubali kwamba kila jioni, kabla watu hawajatawanyika, ataeleza kazi ya kesho na vitu vinavyotakiwa. Mama Pacha alikubali kuleta vitu hivyo mapema, na funguo za stoo ziwe mbili, mmoja wake, mmoja wa vibarua. Wakakubaliana pia kwamba kazi ikiisha vizuri kabla ya jioni, siku inahesabiwa nzima, na watu walewale ndio watakaojenga juu.

"Na kokoto," Shangazi aliongeza. "Lori linazimwaga barabarani, nusu ya siku tunazihamisha tu. Zimwagwe karibu na mashine ya zege."

"Mbona hukusema siku zote?" aliuliza Mama Pacha.

"Ningemwambia nani, Mama? Kufuli?"

Safari hii Mama Pacha alicheka mpaka akajifuta machozi.

Lenta ilivunjwa pale penye ufa, ikamwagwa upya. Mbao za dari zikafungwa, nondo zikasukwa. Mkaguzi alirudi, akatembea juu ya nondo, akatikisa nguzo zilizoegemeza mbao, moja baada ya nyingine, kisha akasema, "Mwageni."

Siku ya kumwaga ilianza bila kelele. Mapipa yalikuwa yamejazwa maji tangu jana yake. Mchanga na kokoto vilikaa kando ya mashine, saruji iko wazi. Shangazi alipanga mistari miwili, mmoja wa makarai yanayopanda na mmoja wa yanayorudi, ili watu wasigongane ngazini. Kila baada ya muda waliokuwa chini walibadilishana na waliokuwa juu, mikono ipumzike.

"Pandisha!"

"Imepanda!"

"Rudisha!"

"Inarudi, na njaa yake!"

Baba Pacha aliomba ruhusa bwenini, akaja na sufuria kubwa kuliko ngoma. "Mimi nikiwapikia wanafunzi sizimi moto katikati," alisema. "Wanaokula wale, wanaobeba wabebe. Mstari usikatike."

Jua lilipokuwa utosini, mashine ya kuchanganyia ilikohoa, ikazima.

Mama Pacha alitupa macho juu. Nusu ya dari ilikuwa imeshamwagwa. Mbele yake nondo zilikuwa bado uchi.

"Bati!" Shangazi alipaza sauti.

Hilo nalo walikuwa wamelipanga. Bati pana la kuchanganyia zege lilikuwa limelazwa pembeni, na makoleo yanasubiri. Bwana Viatu alikunja suruali, akaingia kwenye zege na koleo lake. Mama Pacha alijifunga nguo kiunoni, akachukua nafasi kwenye mstari, kati ya kibarua mrefu na mumewe.

"Karibu kazini, bibi harusi," alisema Shangazi.

"Nipe karai, acha maneno!"

Walichanganya kwa mikono, karai baada ya karai, huku fundi wa mashine akihangaika na mkanda wake. Mashine iliponguruma tena, mstari ulikuwa haujasimama hata kidogo. Shangwe ilipigwa mpaka majirani wakatoka nje. Kabla jua halijatua, karai la mwisho lilimwagwa kwenye kona ya mwisho, likasawazishwa.

Kwa siku nyingi dari ilimwagiliwa maji asubuhi na jioni, ili zege likomae bila kupasuka. Mkandarasi aliposema muda umetimia, wakatoa mbao. Wote waliingia chini yake na kuinua nyuso. Dari ilikuwa safi kutoka ukuta hadi ukuta. Mkaguzi aligonga huku, akagonga kule. Sauti ilikuwa moja, nzito. Alivua kofia yake kubwa.

"Nimekagua nyingi," alisema. "Hii nitawaleta wenzangu waione."

Vyumba vya juu vilipanda haraka, kwa mikono ileile. Familia ilihamia wiki moja kabla shule hazijafunguliwa. Siku ya kuhamia, Shangazi alikuja na mama yake mzazi. Alimshika mkono, akamsimamisha katikati ya chumba cha kushonea.

"Tazama juu, Mama. Hiyo ni kazi yangu."

Bibi alitazama kwa muda mrefu. "Na haianguki?"

"Watu wanalala juu yake!"

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye kiwanja cha jirani. Alikuwa ameufuatilia ujenzi ule tangu mwanzo.

"Mama Pacha, nipe mkandarasi wako. Nami nataka dari kama hii."

"Mkandarasi peke yake hatakujengea dari hii," alijibu Mama Pacha. "Utawachukua wote. Na wewe mwenyewe utakaa nao kila jioni, useme na usikie."

"Kila jioni? Mimi si mwenye nyumba tu?"

Bwana Viatu, Shangazi na Baba Pacha walitazamana. Mama Pacha alivuta kigoda, akakipangusa, akamwekea yule jirani katikati yao.

"Kaa," alisema. "Tuanze leo."